Pete Isiyokatika

Tupa iliteleza juu ya pete bila kuacha hata mkwaruzo. Daktari akaiweka kando, akajaribu kikatio cha hospitali, nacho meno yake yakalika kama chaki. Kidole cha mwanamke kilikuwa kimevimba tangu nyigu walipomuuma akianua nguo, na sasa ncha yake ilikuwa inageuka nyeusi. Daktari akamgeukia mume wa mwanamke huyo, akamweleza kwa upole kwamba damu haipiti, na pete ikiwashinda itabidi kidole kiende.

Mume alitamani ardhi ipasuke immeze. Pete ile aliitengeneza mwenyewe. Alikuwa fundi wa mashine ya cheche, ile inayokata vitu ambavyo msumeno huvinyooshea mikono: ncha ya shaba huteremshwa ndani ya mafuta, ikakaribia bila kugusa, na cheche za umeme zikala kitu chembe kwa chembe kama nondo alavyo sweta. Alichukua kipande cha madini ya kutengenezea visu vya kukatia chuma, akakitoboa, akaking'arisha, akamvisha bibi harusi wake. Akajigamba mbele ya wageni kwamba hakuna tupa duniani itakayoigusa, na ukumbi mzima ukampigia makofi.

Sasa aliwaza mashine yake, akauona mkono wa mkewe ukizama katika mafuta yenye umeme, akaona haya kwa wazo hilo. Hakuwa na lingine. Alikuwa amekata tamaa kabisa, na kichwani mwake kidole kilikuwa kimeshaondoka.

"Fundi," mkewe alimwita, kama alivyozoea kumtania. "Kwani lazima ikatwe?"

"Haikatiki."

"Najua haikatiki. Lakini inavunjika. Ile ya kwanza uliyotengeneza si ilikuponyoka kazini, ikapasuka sakafuni kama sahani? Ulirudi nyumbani hata chakula hukugusa."

Alikuwa amesahau, au alipenda kusahau. Kitu kigumu kiasi kile hakijui kupinda, na kisichopinda kikizidiwa huvunjika. Hilo kila fundi wa kazi yake analijua.

"Ndiyo maana nilikuwa naivua nikifua," mkewe aliendelea, akihema. "Naiweka juu ya kitambaa, isije ikaanguka. Wewe ukanuna, ukasema nimeichoka ndoa. Basi nikaacha kuivua."

Fundi akamgeukia daktari, akamweleza anachohitaji. Muuguzi alitumwa karakana ya hospitali, akarudi na koleo la skrubu, lile linalobana kidogo kidogo kila skrubu inapozungushwa. Fundi akaishika pete, akakaza kidogo, akaachia, akakaza tena zaidi kidogo. Mikono yake ilizoea kuziachia cheche kazi; sasa ilibidi ibane yenyewe. Alihofu kitakachovunjika ni mfupa.

"Bana," mkewe alisema, macho ameyafumba. "Usiionee huruma."

Kikasikika kimlio kidogo, kama cha ganda la karanga. Pete ikaachia, vipande vikatawanyika juu ya shuka. Daktari akainama, akakibonyeza kidole, akakitazama kwa muda mrefu. Akasema wangoje, rangi ya kidole ndiyo itakayoamua.

Walingoja. Mwanamke alianza kuviokota vipande kwa mkono wake mzima, kimoja kimoja, kwa uangalifu, kana kwamba bado vingeweza kuvunjika. Mumewe alimtazama, kisha akatoa leso mfukoni, akaitandaza chini ya mkono wake.