Triko la Mikono Mitatu

Kwa heshima ya ukoo wetu wote, walio hai na waliolala, na mbele ya mji wa Kindu pamoja na mto wake, mimi Donatien Tambwe, mwanafunzi wa darasa la tano la sekondari katika internat moja, yaani shule ya bweni, ya Kalima, ninatangaza matokeo ya Tume Huru ya Uchunguzi wa Maovu Yaliyotendeka Ndani ya Kikapu cha Sufu. Tume ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mjumbe mmoja. Wote watatu walikuwa mimi. Makao yake makuu yalikuwa nyuma ya jiko, mahali ambapo mama hanioni na hawezi kunituma maji.

Kikapu chenyewe ni cha Koko Jacqueline, mama mzazi wa mama yangu. Koko anafuma nguo za watoto wachanga: kofia, triko, yaani sweta, na soksi za rangi moja, ambazo sisi tunaziita seti. Mgeni atauliza ni nani anayevaa sufu katika mji ambao saa tatu ya asubuhi hata mbuzi wameshatafuta kivuli. Watoto wachanga wanavaa. Kwetu mtoto hatolewi nje kichwa wazi hata kama joto linapasua mawe. Watu watamwuliza mama yake kama hamtaki. Na kiangazi kikifika, ukungu ukilala juu ya mto Lualaba asubuhi na wazee wakianza kukohoa, Koko anakuwa na kazi kuliko fundi wa pikipiki.

Sindano zake ni spoku za baiskeli. Alizinoa kwenye jiwe wakati wa vita, treni ilipoacha kuja na sufu ikapotea sokoni. Yeye na wenzake walikuwa wakifumua matriko makuukuu ya watu wazima, wanaosha nyuzi, wanazining'iniza na jiwe ili zinyooke, kisha wanafuma upya nguo za watoto. Siku moja kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja aliona donge la uzi kikapuni akashuku kwamba limeficha dhahabu. Akalikunjua. Akalikunjua lote, mpaka uzi ukamzunguka miguu yeye na wenzake wawili, na katikati hakukuwa na kitu ila mwisho wa uzi. Koko aliketi chini akaanza kulizungusha upya, taratibu, na wale mabwana wenye bunduki walilazimika kusimama kama miti mpaka alipomaliza. Anaisimulia mwenyewe akicheka. Lakini tangu siku hiyo hapendi mkono wa mtu ndani ya kikapu chake.

Kazi yake ina sheria, na kila mama anayechukua seti lazima azisikilize kabla ya kuondoka. Sufu haioshwi kwa maji ya moto, itajikunja iwe ngumu kama ganda. Haikamuliwi, inabanwa ndani ya taulo. Haianikwi kwenye kamba, itarefuka. Inalazwa juu ya mkeka kivulini. "Sufu iko kama mukwe," huwaambia. "Sema naye polepole, usimuvute." Zile anazozihifadhi mpaka kiangazi kingine huziweka kwenye sanduku la bati pamoja na majani makavu ya tumbaku, ili nondo wasile. Kwa hiyo watoto wachanga wengi wa mtaa wetu wananuka kama wazee wavuta kiko.

Sasa niingie kwenye maovu.

La kwanza lilitokea juma la pili la likizo yangu. Naomie, mke wa Ismaël fundi seremala, alikuwa amejifungua, na seti yake nyeupe ilipelekwa imefungwa kwenye karatasi. Ilifunguliwa siku ya kumwonyesha mtoto, mbele ya mashangazi. Kofia ilikuwa na mkia. Mkia kamili, mrefu kama kiganja, umefumwa vizuri, na kishungi kwenye ncha kama wa nyani. Mmoja wa mashangazi aliuliza ni nani anayemtakia mtoto huyu mambo ya porini. Karatasi ikarudi kwetu mkononi mwa msichana ambaye hakusalimia.

Koko aliigeuza ile kofia huku na huku. Akasema hakumbuki kuufuma mkia ule. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu mama yangu, Mama Odile, alisikia neno moja tu: hakumbuki.

La pili lilikuwa triko la buluu. Koko alilitoa kikapuni ili alioshe, akakuta lina mikono mitatu. Wa tatu ulitokea katikati ya kifua. Akalilaza mapajani, na mama akaingia chumbani kumpigia simu mjomba Okito kule Lubutu.

Tume ilianza kazi mara moja. Mshukiwa wa kwanza alikuwa jirani yetu, Mama Jeannette. Huyu anauza seti za nailoni zinazotoka Goma, zilizotengenezwa na mashine, na ua kati yetu una pengo ambalo kuku hupita na kurudi. Mwenyekiti aliona sababu. Katibu aliandika kichwani. Koko naye alikuwa ameona sababu hiyo hiyo, akaacha kumsalimia. Ni lazima nieleze kwamba wanawake hawa wawili walikimbia vita pamoja na kupikia chungu kimoja msituni. Asubuhi ya kwanza Mama Jeannette aliposema "Jambo" na asijibiwe, alifikiri Koko hakusikia, akasema tena. Ya pili alisimama tu kwenye pengo la ua ameshika mwiko. Ya tatu hakuja.

Mshukiwa wa pili alikuwa mbuzi. Aliachiliwa kwa kukosa vidole.

Wanaume na wavulana tume iliwaachilia wote kwa pamoja, bila kuwahoji, kwa sababu inajulikana Maniema nzima kwamba mwanaume akishika sindano ni kwa ajili ya kutoa mwiba mguuni.

Mshukiwa wa mwisho alitajwa jikoni kwa sauti ya chini, mama akidhani nimelala. Alikuwa Koko mwenyewe. Kwamba uzee umeingia kichwani. Kwamba leo ni mkono wa tatu, kesho ni makaa ya moto yaliyosahauliwa kitandani. Na jambo ambalo tume haikulitegemea ni kwamba Koko aliungana na mama. Alianza kujishuku. Alihesabu vitanzi kwa sauti, yeye ambaye alizoea kufuma akigombana na watu. Alionja mboga mara mbili kuona kama ameshatia chumvi. Asubuhi moja aliniuliza leo ni siku gani. Nilipomwambia ni Jumatano, alitikisa kichwa kama mwanafunzi aliyepata jibu na kusema alikuwa anajua, alitaka tu kuhakikisha.

Tume haikuupenda ukurasa huo.

Neno la mjomba Okito lilifika Ijumaa. Jumapili angekuja na pikipiki kumchukua Koko akapumzike Lubutu. Spoku zingebaki Kindu, maana kichwa kikishaharibika, chuma chenye ncha ni hatari. Koko alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mume wake amezikwa hapa na mto wake uko hapa. Halafu akauliza kule Lubutu atafanya nini na mikono yake.

Jumamosi mchana watu wote wa nyumbani walikwenda kwenye msiba mtaa wa pili. Mimi nilibaki kwa sababu ya malaria, ile malaria kali ambayo huanza watu wakivaa viatu na kupona mlango ukifungwa. Kuhusu mchana huo tume haina la kusema. Katibu alikuwa mgonjwa.

Jumapili mjomba alifika amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Alikunywa maji, akauliza mzigo uko wapi. Koko alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, kikapu miguuni. Alisema atapanda pikipiki bila ubishi, ila kwanza wamwitie Mama Jeannette.

Mama Jeannette alikuja, akasimama mbali kidogo, uso umefungwa. Koko akatoa triko la manjano, akalinyoosha mbele yetu wote. Lilikuwa zima na zuri. Akaweka kidole begani.

"Jana mbele ya kwenda matanga nilitoboa hapa," alisema. "Kwa makusudi. Niliangusha vitanzi vitatu, tundu ikashuka mpaka kwapani. Sikumwambia muntu. Angalieni: leo iko nzima."

Nilihisi malaria ikirudi, safari hii ya kweli.

"Tangu nitoboe sijagusa tena," Koko aliendelea. "Niliiacha ndani ya kikapu, nikaenda matanga. Sasa kama akili yangu njo mbovu, nani alikuja kunisaidia?"

Mama alimtazama Mama Jeannette. Mama Jeannette alisema kwa ukali kwamba yeye alikuwa msibani na watu mia wanamjua, aliosha masahani huko mpaka vidole vikakunjamana. Ilikuwa kweli. Halafu mjomba Okito, ambaye si mtu mbaya, ni mtu wa pikipiki tu, akasema kwa upole kabisa:

"Mama, labda ulitengeneza wewe mwenyewe, ukasahau."

Niliona neno lile likimwingia Koko. Alikuwa amejenga mtego wake vizuri, siku nzima, peke yake, na sasa mtego ulikuwa umegeuka ukamfunga yeye. Alilitazama bega la triko, akapitisha kidole juu yake, na nikaona wazi kwamba anaanza kuliuliza swali lile lile: labda?

Kisha akainua macho akanitazama mimi. Hakuwa na hakika, alikuwa kama mtu anayehesabu waliobaki nyumbani akamaliza kwenye kidole kimoja.

"Bwana yangu mudogo," alisema, kama anavyoniita tangu nizaliwe, "jana ulikuwa na homa, sivyo?"

"Njo mimi, Koko," nikakiri.

Mjomba alicheka. Alisema ni vizuri mjukuu kumtetea bibi yake, lakini uongo una mipaka, mvulana gani anajua kufuma. Hapo ilinibidi nitoe siri ambayo hata wenzangu wa bweni hawaijui. Mwaka jana nilimweka chura ndani ya mkoba wa msimamizi wa nidhamu. Adhabu yangu ilikuwa Jumamosi zote za muhula mzima kwenye chumba cha ushonaji cha Masista, chini ya macho ya Sista Déborah, ambaye hasikii vizuri na hasamehe. Bweni zima linaamini nilikuwa nasafisha vyoo, na niliwaacha waamini, kwa kuwa vyoo vina heshima zaidi. Nilifuma vitambaa, nikafuma soksi, na jambo baya kuliko yote ni kwamba adhabu ilipoisha niliomba kuendelea.

Mjomba bado hakuamini. Nilichukua spoku kikapuni, nikaongeza mistari miwili kwenye soksi iliyokuwa haijaisha. Mama alifunika mdomo. Mama Jeannette aliinama akatazama vidole vyangu, halafu akasema kwa sauti ya kutangaza kwamba siku zote hizo yeye amefanywa mchawi, kumbe mchawi ana ndevu tatu na anasoma kwa Masista.

Niliungama mkia. Niliungama mkono wa tatu. Nilisema nilitaka tu watu wacheke, na kwamba kweli nilicheka peke yangu nyuma ya jiko siku ya mkia, na siku ya mkono wa tatu nilicheka kidogo, na baada ya hapo sikucheka tena. Jana nilibaki ili nikague kikapu, na nilipoona lile tundu begani sikujua ni mtego. Nilidhani Koko ameanza kweli kukosea, na kwamba mjomba akilikuta atakuwa na ushahidi. Nikalipandisha kitanzi kwa kitanzi kwa kulabu.

Mama alinishika sikio, na sitaeleza yaliyofuata. Mjomba alisogeza pikipiki yake kivulini, kisha akamwomba Koko msamaha na kuuliza kama kuna chakula. Mama akaenda kuwasha moto. Koko na Mama Jeannette walizungumza kwenye pengo la ua. Sikusikia waliyosema, ila niliona mwiko ukipita kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na bakuli likirudi.

Koko aliporudi aliketi karibu nami. Akachukua ile soksi, akaitazama mistari yangu miwili, akasema ninavuta uzi sana kama mtu anayefunga mbuzi. Kisha akashusha sauti.

"Na ile triko ya Sandrine?"

Sandrine ni binti wa shemasi, alijifungua kabla ya mvua kuisha. Nilimwuliza ni triko lipi.

"Ya kijani. Mwezi wa tano. Nilisahau kuacha shingo. Nilifunga juu kabisa, kama mufuko wa chumvi. Nilikuta asubuhi ndani ya kikapu, nikafumua mbio mama yako akiwa bado analala." Alikuwa haniangalii, alikuwa anazungusha uzi kwenye kidole. "Ile pia njo wewe?"

Mwezi wa tano nilikuwa Kalima. Internat haimtoi mtu nje ya geti mpaka mitihani iishe, hata akifiwa na kuku wake wote. Koko anajua hivyo, kwa maana yeye ndiye aliyenifungia sanduku baada ya Pasaka.

Nikasimama, nikaweka mkono kifuani. Kwa hiari yangu na kwa akili timamu niliungama kwamba ndiyo, ni mimi. Nilisema nilitoroka usiku, nikapanda lori la wachimba madini ya kasiterite, nikalala juu ya magunia, nikaingia kwa pengo la ua, nikaifunga ile shingo kwa uzi wa kijani, nikarudi Kalima kabla ya kengele ya sala. Koko aliniuliza lori lilikuwa la rangi gani. Nikasema jekundu. Akauliza kama njia ilikuwa mbaya. Nikasema mbaya sana, Koko, tulikwama mara mbili.