Magunia ya Kundi la Mzigo

Nilipomaliza chuo nilirudi Same na shahada ya uhandisi wa mitambo, kazi sina. Jumamosi nilikuwa nashuka na kaka yangu Wilbard, dereva wa lori la tangawizi, hadi chini ya Lembeni, kwenye barabara ya vumbi ya shamba la zamani la mkonge, kutazama mbio za malori ya dizeli. Malori mawili yanasimama sambamba, bendera inashuka, linalotangulia kuvuka mstari ndilo mshindi. Hakuna kona, hakuna kupanda. Ni nguvu ya injini tu.

Na kila Jumamosi yalishinda malori ya Moshi na Arusha, yenye turbo kubwa za kuongeza nguvu ya injini, zilizofungwa baadaye. Madereva wetu wa milimani walibaki nyuma wakila moshi mweusi. Malori yao yamezoea kupanda Chome na Bombo kwenye tope, tangawizi ikiwa imejaa hadi juu.

Nikawaza, basi washindane kwa kile wanachokiweza. Nikaandika kanuni za makundi mawili. Kundi Huru, kila mtu na turbo yake. Na Kundi la Mzigo: turbo iliyotoka na gari kiwandani, pampu ya dizeli isiguswe, na kila lori libebe magunia ishirini ya tangawizi, yaleyale yanayokwenda sokoni.

"Dada mhandisi anataka tukimbie na mizigo kama punda!" madereva walinicheka.

Lakini walikuja. Mwezi wa kwanza malori matatu. Kufikia masika yalikuwa yanapanga foleni hadi kwenye reli, na wake na watoto wamepanda juu ya magunia. Watu wa milimani walishuka kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kwetu, majembe begani kama wanaochimba mfereji wa kijiji, wakasawazisha barabara yote. Niliwatazama nikajisikia kulia kwa furaha.

Kanuni moja tu ilinisumbua: nitajuaje uzito? Nilimuuliza Wilbard jikoni kwa mama, Bombo.

"Tulete mzani," nilisema.

"Mzani? Jeni, walanguzi wamewaibia hawa watu kwa mzani miaka yote. Na wewe uje na wako? Hawashuki tena."

"Basi tufungue magunia tuangalie."

Aliacha kunywa chai. "Hapo umewaita wezi mbele za watu. Heshima iko wapi? Umesahau ulikozaliwa?"

Sikuwa nimesahau. Kwetu gunia likishashonwa mdomo nyumbani kwa mtu, mgeni halifungui njiani. Hulifungua aliyelinunua, au mtu wa nyumba lilikotoka. Nikaandika kanuni ya nne: magunia yatahesabiwa, hayatafunguliwa. Niliipenda kuliko zote. Niliona tumepata mchezo unaosimama juu ya kuaminiana, na nilimshukuru kaka yangu kwa kunikumbusha.

Kisha waandaaji wa mashindano makubwa ya Moshi walitupa nafasi: lori moja la Kundi la Mzigo, bingwa wetu, likashindane kule. Fainali wakabaki wawili, Wilbard na Koleta wa Chome, mwanamke pekee kwenye kundi, anayeendesha Fuso la baba yake tangu macho ya mzee yalipofifia.

"Jeni, nikifika Moshi," Koleta aliniambia akikagua upepo wa matairi, "wale wanaume wa stendi wanaoniita konda watanikoma."

"Kimbia tu, dada. Kanuni ni moja kwa wote."

Nilisimama kwenye mstari wa mwisho pamoja na Sendeu, mfugaji ambaye ukoo wake ulikubali kuondoa ng'ombe hapo kila siku ya mbio. Yeye ndiye mwamuzi wa mstari. Bendera ilishuka kule mbali. Fuso la Koleta lilinguruma, likajivuta taratibu kama lilivyotakiwa na mzigo ule. La kaka yangu liliruka. Lilivuka mstari Koleta akiwa bado nyuma sana, Wilbard akakanyaga breki, na gunia moja likadondoka kutoka juu.

Gunia la tangawizi likianguka linalala palepale. Lile lilidunda mara mbili.

Wilbard aliteremka, akaliokota kwa mkono mmoja.

"Ee!" Sendeu alicheka. "Tangawizi ya Bombo siku hizi inaruka kama ndama!"

Mimi sikucheka. Watu walikuwa wanakuja mbio wakishangilia. Koleta naye alifika, akampa kaka yangu mkono. "Hongera. Umenipiga kihalali."

Neno lile lilinichoma.

"Kaka," nilisema, "lifungue hilo gunia."

Alinitazama, akatabasamu. "Kanuni ya nne, mhandisi. Si uliiandika wewe?"

"Halifunguliwi!" watu wakapokea. "Halifunguliwi!" Na walikuwa sahihi.

Nililigeuza gunia. Mdomo wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa bluu, na mwisho wa uzi umesukwa kama nywele za mtoto. Katika milima yote najua mtu mmoja tu anayemalizia hivyo.

"Mimi si mgeni," nilisema. "Hili limetoka nyumbani kwetu."

Sendeu alinipa kisu chake. Nikakata. Yakamwagika majani makavu ya migomba na pumba za mahindi.

Hakuna aliyezomea. Ingekuwa nafuu wangezomea.

"Umenivua nguo, Jeni," Wilbard alisema kwa sauti ya chini. "Mimi, wa tumbo moja."

"Uliniambia ni heshima. Pale jikoni, uliniambia ni heshima."

Alipanda lori lake akaondoka, na vumbi likatufunika.

Sendeu alimtangaza Koleta mshindi. Nilidhani atafurahi. Yeye alichukua kisu mkononi mwangu, akapanda juu ya Fuso lake, akaanza kukata nyuzi za magunia yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Tangawizi ikaporomoka kwenye vumbi.

"Koleta, acha! Hakuna aliyekushuku!"

"Leo," alisema bila kusimama. "Na kesho? Nikishinda Moshi watasema yalikuwa pumba. Tazameni wote! Tazameni vizuri!"

Madereva wawili waliwasha malori yao, wakaondoka kimya kuelekea milimani. Wengine walisimama wakitazama magunia ya wenzao kwa namna ambayo sikuwahi kuiona pale.

Nilijitenga kando ya barabara, nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wilbard kashinda?"

"Mama, magunia yale ulishona wewe?"

Nilisikia kuku wake wakilia uani.

"Wewe una shahada, Jeni," alisema mwishowe. "Yeye alikuwa na nini?"

Alikuwa na mimi, nilitaka kusema. Lakini Koleta alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi akizoa tangawizi yake, amenyoosha gunia tupu kuelekea kwangu nimsaidie kulishikilia mdomo. Nikakata simu, nikaenda.