Mwanya kwenye Mashine ya Mileta

Stanija alikuwa uani kwake, mjini Nikšić, akitoa kokwa za cheri, mdogo wake Radoje alipoanguka kutoka angani, upande wa milimani, na kutua juu ya nguo zilizoanikwa. Mkononi alishika kishikio cha kamba ya kuwashia mashine ya kukata nyasi.

"Imekurusha tena," Stanija alisema.

"Imenirusha. Kahawa ipo?"

Kahawa ilikuwepo. Radoje alikunywa, akajikung'uta, akapanda basi la kurudi Suvi Do, kijiji chao cha kuzaliwa, kule juu kwenye nyanda za milima. Tangu nyasi zikomae mambo yalikuwa hivyo. Kila alipovuta kamba, injini ilipiga kinyume, naye akaruka milima yote iliyo katikati na kushukia kwa dada yake. Majirani walikwisha acha kutazama juu. Aliyelalamika ni mmoja tu, mfuga njiwa.

Nyasi zilikuwa hazingoji mtu. Zisipokatwa na kukauka kabla ya mvua, ng'ombe wangekosa chakula wakati wa theluji, na Radoje angelazimika kuwauza. Hilo ndilo lililomnyima yeye usingizi. La Stanija lilikuwa jingine, na hakuwa amemwambia mtu. Baba yao, Mileta, mwenye mashine ile, alipofariki majira ya baridi, Stanija alikwenda kwa mwanasheria akatia sahihi kumwachia Radoje sehemu yake yote ya urithi. Ndivyo wafanyavyo dada wa huko, na asiyefanya hivyo husemwa mpaka kaburini. Lakini chini ya mwamba palikuwa na kipande cha uwanda ambacho baba alikiita cha Stanija tangu binti huyo akiwa mtoto. Alikitaka hicho tu. Alitaka awe na mahali Suvi Do ambapo angekaa bila kuwa mgeni.

"Jumamosi nampelekea Blagota mashine," Radoje alikuwa amemwambia. "Njoo unishike mkanda, nisiruke."

Kwa hiyo Jumamosi alikuwa karakanani kwa fundi Blagota, kule juu kijijini, amesimama karibu na mlango ili asiwe njiani kwa mtu.

"Radoje!" Blagota alipaza sauti. "Watu wanasema umenunua ndege."

"Cheka tu, fundi. Mgongo si wako."

"Huo mgongo haujawahi kufanya kazi. Umeumia vipi?"

Kisha akaacha mzaha, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeshaigusa injini. Alifungua plagi, akainusa, akaifuta kwa shati lake mwenyewe, akaijaribu. Cheche ilikuwa nzuri, ya buluu. Alimwaga petroli ya kwenye kabureta, akaichunguza kwenye glasi kama daktari achunguzavyo mkojo. Ilikuwa safi. Ndipo alipoizungusha injini kwa mkono, polepole, kichwa amekiinamisha, amefumba macho. Stanija alijikuta anapumua kidogo kidogo ili asimsumbue. Hakuwahi kumwona mtu akisikiliza chuma kwa heshima namna ile.

"Valvu," Blagota alisema. "Sikiliza, bwana. Hii injini ina huruma. Ukivuta kamba, kuna kidude ndani huisukuma valvu ya moshi, unywele tu, pumzi itoke na mkono wako upite. Mwanya wa valvu ukiwa mkubwa, kile kidude hakifiki. Pumzi yote inabaki ndani, pistoni inakutana na ukuta, na kamba inakurudisha ulikotoka."

"Mimi sikutoka Nikšić."

"Hilo sasa ni la kwenu."

Alifungua kifuniko cha juu. Injini ilikuwa baridi, kama inavyopaswa wakati wa kupima. Aliipandisha pistoni hadi juu, valvu zote mbili zikiwa zimefunga, akailegeza nati ndogo na kuingiza kibamba cha kupimia, chembamba kuliko ukucha. Aligeuza skrubu, akavuta kibamba, akageuza tena. Alitaka kikwaruze kidogo wakati wa kutoka, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu. Kilipokwaruza, aliikaza nati, kisha akapima upya, maana nati ikikazwa huondoka na kipimo chako ukiwa unatazama. Vidole vyake vilikuwa vinene kama vipini vya majembe. Havikugusa kitu chochote mara mbili bila sababu.

"Sasa vuta."

Stanija alimshika mdogo wake mkanda. Radoje alivuta. Stanija alibaki na mkanda.

Blagota alitazama juu ya paa la kanisa, upande alikoelekea Radoje. "Atatua wapi?"

"Kwangu. Geti nimeliacha wazi."

"Basi arudi na basi," Blagota alisema, akafungua kifuniko tena. Mwanya ulikuwa umepanuka. Aliingiza kibamba, kikapwaya. Aliingiza vibamba vyote kwa pamoja, vikapwaya. Aliingiza kidole gumba, kikaingia chote, ingawa kifuniko hakikuwa kimeinuka hata kidogo. Aliwasha tochi na kuchungulia. Nyuki alitoka mle ndani, Blagota akamfukuza kwa kofia.

"Njoo utazame, dada."

Stanija alitazama. Ndani ya mwanya kulikuwa na nyasi ndefu ambazo hazijakatwa, zenye maua meupe, na juu yake mwamba wenye ufa. Upepo ulikuwa unavuma. Alisikia harufu ya mnanaa.

"Unapajua?"

"Napajua."

Blagota aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia, akaweka kifuniko. "Haya, vuta wewe."

Alivuta. Kamba ilikuja nyepesi, kama uzi wa sufu, na injini ikawaka papo hapo, sauti yake sawa, bila kikohozi. Blagota aliiacha ingurume, akaizima, akangoja ipoe kabisa, akapima. Kibamba kilikwaruza kama karatasi chini ya kitabu.

"Kazi safi sana," alisema, na haikujulikana anamsifu nani.

Radoje aliporudi alasiri, ameshikilia suruali yake kwa mkono, alivikuta viti viwili vimewekwa nje.

"Injini haina ugonjwa," Blagota alimwambia. "Kwako haiwaki. Kwa dada yako inawaka."

"Haiwezekani."

"Gusa kamba, halafu uchungulie."

Radoje aliigusa kamba kwa kidole kimoja, Blagota akafungua kifuniko, naye akachungulia. Akachungulia muda mrefu. Alipoinuka, mbegu za nyasi zilikuwa zimemnasa kwenye nyusi.

"Ni pale chini ya mwamba," alisema.

"Ndipo."

"Sasa dawa yake nini?"

Blagota alianza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja, hata vile vilivyokuwa safi. "Mashine yangu huwashwa na dada yangu Vidosava," alisema hatimaye. "Kila mwaka, siku za nyasi, hupanda huku kutoka mji wa Bar, kule pwani."

"Na anakubali?"

"Nampa jibini."

Stanija alingoja. Alidhani mmoja wa wanaume wale wawili angeongeza neno juu ya kipande kile. Blagota aliokota spana iliyokuwa imeanguka. Radoje alitoa mbegu kwenye nyusi.

"Likizo yako lini, dada?" aliuliza.

Ilikuwa wiki iliyofuata. Kila asubuhi, umande ulipokauka, Stanija alivuta kamba kwa vidole viwili na injini ikawaka. Radoje alikata tangu kwenye ua wa nyumba hadi kwenye misonobari, kwa mistari iliyonyooka, na siku ya mwisho akakata chini ya mwamba. Stanija alisimama ukingoni akisikiliza. Mashine ilipanda mteremko bila kubadili sauti, valvu zikifunguka na kufunga kila moja kwa zamu yake, na akajisikia fahari nayo, kama vile yeye ndiye aliyeitengeneza. Kufikia jioni nyasi zote zilikuwa zimelala, na mvua ilikuwa bado mbali.

Radoje alimbebea mfuko hadi kituoni.

"Mwakani uje mapema kidogo," alisema. "Karibu tena, dada. Karibu sana."

"Asante," Stanija alijibu, kama wageni wanavyojibu, akapanda basi.