Bado Yuko Juu

Saa nne kamili kioo cha kompyuta yangu kikageuka kijani: KAZI IMEKAMILIKA. WASHA LAINI.

Imekamilika kwa nani? Shemeji yangu, mume wa dada, alipanda nguzo ya laini ile ya umeme asubuhi, na tangu hapo sijamsikia akisema ameshuka. Mfumo nao haukumsikia. Muda aliopewa ulipokwisha, ukajijibu wenyewe. Ndiyo maana mafundi wanauita Mjuaji.

Zamani, kabla ya Mjuaji, fundi alifunga swichi ya laini kwa kufuli lake mwenyewe, akapanda na ufunguo mfukoni. Uwe mkurugenzi, uwe nani, huwashi mpaka fundi ashuke. Siku hizi tunawasha kutoka humu chumbani, kwa kubofya tu. Makufuli yote yamo kwenye boksi chini ya meza yangu, na kila siku najikwaa nalo.

"Washa," akasema mkuu wa zamu, amesimama nyuma ya kiti changu. Simu tatu zilikuwa zinalia. "Watu wanalalamika."

"Sijamsikia fundi."

"Mfumo unasema amemaliza."

"Kwani mfumo ndio uliopanda nguzo?"

Nikashika redio, nikaita. Kimya. Nikaita tena. Redio hukaa kwa dereva, garini, na dereva yule akipata kivuli tu, amelala fofofo.

"Bibie, acha ubishi. Tukichelewa, ripoti inakwenda makao makuu."

Akanyoosha mkono achukue kipanya. Nikakichomoa, nikakikalia. Mtu mzima mimi, miaka kumi na tisa kazini, nimekalia kipanya kama kuku anayeatamia. Mkuu akaenda kwenye meza yake, ambako nywila yake inafungua kila kitu, akaanza kuandika.

"Ukiwasha unaua mtu!" nikapiga kelele. "Unanisikia? Unaua mtu!"

Redio ikakoroma. "Nani anaita?" Alikuwa dereva, sauti nzito ya usingizi.

"Shemeji yuko wapi?"

"Si yuko juu! Kikombe cha pili cha kushikia waya nacho kimepasuka, anakibadilisha." Nikasikia mtu akipaza sauti kwa mbali, na dereva akicheka. "Anauliza, shemeji, haraka ya nini? Kuna harusi?"

Nikamtazama mkuu wa zamu. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Akakiondoa, akakifuta kwenye suruali. Kuomba radhi, wapi.

Shemeji alishuka dakika arobaini baadaye, akachukua redio, akasema kwa kinywa chake mwenyewe: "Niko chini. Washa." Nikabofya. Mjuaji akakataa: nichague kwanza sababu ya kuchelewa. Hali ya hewa. Upungufu wa vifaa. Uzembe wa mwendeshaji. Nikapekua orodha nzima nikitafuta mahali pa kusema kwamba mtu alikuwa bado juu. Hapakuwepo.

"Weka uzembe," mkuu akasema bila kunitazama. "Hayo mengine watataka ushahidi."

Nilitamani kumrushia boksi zima la makufuli. Lakini mtaa mzima ulikuwa unasubiri umeme, na Mjuaji hajui kusubiri wala kuelezwa. Nikaweka uzembe, wangu mimi, laini ikawaka.

Mchana dada akanipigia simu. Nyumba yao iko kwenye laini ile ile.

"Hivi huko kazini huwa mnalala? Asubuhi nzima nimekaa na nguo za watoto mkononi, pasi haiwaki. Wazembe wakubwa nyie!"

Nilikuwa na jibu la kumkata maini. Nikalimeza.

"Mumeo akirudi," nikasema, "muulize."

"Kwani akirudi ndiye atakayenipigia pasi?"

"Akirudi," nikasema tena, nikakata simu kabla hajasikia kwamba nalia.