Buni Mkononi mwa Lameki

…na sasa amenyamaza, Lameki amenyamaza mbele ya kanisa zima la Kamachumu, kavaa kanzu ya baba wa mwana mpotevu, na mkewe Theopista yuko nyuma ya pazia na karatasi mkononi, kidole kwenye mstari, kazi yake ni hiyo tu, mtu akisahau umnong'oneze, mama, mwalimu Mutembei alimwambia, yeye aliyeuandika mchezo, basi mnong'oneze, mwanangu alikuwa mfu, leo yu hai, si Lameki ameyasema maneno hayo jikoni mwezi mzima, Theopista akimenya ndizi, hakukwama, sauti kavu ileile ya siku karani wa boma alipowaambia mwana wao Rugambwa hatarudi kutoka vita vya Burma, Bwana ndiye ajuaye, alisema Lameki, akachukua panga akaenda kupogoa mibuni, na Theopista akapiga magoti akamshtaki kwa Mungu, umenipa jiwe badala ya mume, akamshtaki kila siku, hata akienda kwenye meza ya Bwana, Mungu amrehemu… "Amesahau, maskini," anasema mwanamke kwenye mabenchi, "na mama Rugambwa je, kasinzia na karatasi?" wanacheka, Kaijage amepiga magoti na matambara ya mwana, ananong'ona, "Tata, sema basi, magoti yananiuma," tata, baba, ndivyo Rugambwa alivyomwita… Lameki anatia mkono kifuani, kwa nini, haikuandikwa hivyo, pete imeandikwa, viatu vimeandikwa, anatoa… akamwani, buni za kutafuna, alimwomba mwalimu ziwemo, anayefika nyumbani hupewa buni kwanza, mwalimu akasema hazimo katika Maandiko, lakini kile kifurushi cha majani ya mgomba Theopista anakijua, alikifunga mwenyewe Rugambwa alipoondoka, za kumpokelea, akadhani panya wamekula, kumbe zilikuwa kwa huyu, miaka yote hii, kwa huyu jiwe… Kaijage anazitazama, hajui azipokee au aziache, Lameki anageuza shingo kuelekea pazia, anangoja apewe neno, na neno lipo, chini ya kidole, mwanangu alikuwa mfu… ee Bwana, nusu ya kwanza ni kweli, ya pili usinitume mimi nimpe, si mimi, si kwake… kidole kimeshaondoka kwenye mstari, karatasi imeshuka magotini, na Lameki bado kasimama, kiganja wazi, kanisa linangoja.