Nguo ya Kompyuta

Kompyuta ya nyumba ya Thadeus Angwenyi, kule Nyanchwa, ilikuwa na adabu zake. Ukiiwasha iliwaka bila kinyongo, ikapiga kimuziki chake cha kukaribisha watu, ikaonyesha picha ya harusi. Ikifika dakika ya sita, basi. Mshale uliganda pale kwenye shela la bibi harusi, na hata ungebonyeza vitufe kwa vidole vyote kumi, usingesogea.

Bibi harusi mwenyewe, Mokeira, hakuwa na nafasi ya kucheka. Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na tasnifu yake ya uzamili, kurasa mia mbili na sita, miaka mitatu ya likizo alizozila mezani huku walimu wenzake wakipumzika. Chuo kiliitaka Ijumaa saa kumi na moja jioni. Ikichelewa, angengoja mwaka mwingine mzima. Zilibaki kurasa nne za kusahihisha, na kila faili ilipomaliza kufunguka, dakika ya sita nayo ilikuwa imewadia. Nakala nyingine ilikuwa kwenye flashi ambayo Thadeus aliwaazima wanakwaya, nao waliifuta vizuri ili nyimbo zao zipate nafasi.

Bahati njema, nyumba ilikuwa na mtaalamu. Thadeus alisomea kompyuta miezi mitatu, mwaka wa tisini na nane, na cheti chake kilitundikwa sebuleni katika fremu ya dhahabu, juu kidogo ya picha za watoto. Chuo kilichompa siku hizi ni bucha, lakini cheti ni cheti.

Jumapili mtaalamu aliizima na kuiwasha mara tisa. Jumatatu aliipiga kofi ubavuni, kwa upole wa daktari. Jumanne alifuta michezo ya watoto, wakalia. Jumatano akatoa hukumu.

"Mama Valentine, shida ni hiyo kitabu yako. Imekuwa nzito. Kurasa mia mbili! Hata punda atalala chini."

"Kwa hivyo nipunguze?"

"Mimi nasema tu. Kama ungeandika themanini hivi..."

Mokeira aliingia jikoni akachambua mboga kwa hasira hata vijiti vikaingia pamoja na majani. Maneno yale yalimchoma. Miaka mitatu, halafu mtu unayelala naye kitanda kimoja anaipima kazi yako kwa kilo.

Alhamisi Thadeus alilibeba sanduku la kompyuta kwa bodaboda hadi mjini, kwa fundi Okemwa. Huko liliwaka tangu asubuhi hadi alasiri bila kukohoa. Okemwa alitazama mechi nzima kwa mashine hiyo, dakika tisini na za nyongeza. Jioni Thadeus akalirudisha, akatangaza kwamba fundi hakuona kitu. Kuomba faili ya mkewe inakiliwe hakukumbuka. Alikuwa amekwenda kutengeneza mashine, si kutumwa.

Aliyelipokea mlangoni ni mamake, Bathsheba, aliyekuja kutoka Sironga wiki moja kabla kutibiwa macho. Macho yalikuwa yamechoka, lakini vidole vyake havikuhitaji macho kufuma. Kila kiti nyumbani mle, redio, hata jagi la maji, vilivaa kazi yake. Siku ile alipofika na kuikuta kompyuta imekaa uchi mbele ya wageni alisikitika sana, na kwa siku mbili akaifumia nguo: uzi mzito wa samawati, maua meupe, vifungo vinne, na ndani akashonea nailoni ya gunia la mbolea ili vumbi lisipite. Majirani walikuja kuitazama. Mokeira mwenyewe alishukuru kwa mikono miwili.

"Lete huyu mtoto nimvalishe," Bathsheba akasema, akafunga vifungo vyote vinne.

Ikawashwa. Dakika ya sita, kimya.

"Ni kufomati tu," Thadeus akaamua. "Kesho nakuja na CD. Tunafuta kila kitu, inaanza upya kama mtu amebatizwa."

"Na tasnifu yangu?"

"Si iko kwa kichwa yako?"

Ijumaa Mokeira aliomba ruhusa shuleni. Saa sita mchana, mashine ilipoganda tena, alichutama ili achomoe nyaya na kuificha kabla mtaalamu hajafika. Mkono wake ukaingia chini ya ile nguo, akautoa mbio. Mle ndani kulikuwa na moto kama wa sufuria ya ugali iliyofunikwa, na feni ililia kama nyuki aliyefungiwa chupani. Akafungua kifungo kimoja, fukuto likampiga usoni. Akaelewa yote kwa mara moja, na furaha yake ikadumu sekunde mbili hivi. Nyuma yake, kwenye kochi, mama mkwe alikuwa ameketi na sindano yake ya kroshia.

Utamwambiaje mama mkwe kwamba kazi ya mikono yake ndiyo maradhi? Mokeira aliwajua wanawake waliorudishwa kwao kwa sababu ya chumvi kuzidi. Alikifunga tena kile kifungo. Ndicho kitendo alichokionea aibu hata baadaye: alikifunga tena.

Saa nane Thadeus akaingia na CD yake, ameishika kwa vidole viwili kama mkate wa meza ya Bwana. Akainama aizime mashine na kuiwasha upya.

"Baba Valentine, ngoja," Mokeira akasema. "Hiyo kompyuta si mgonjwa. Inachemka. Mama, nisamehe. Nguo ni nzuri sana, lakini inaifungia pumzi."

"Wewe!" Thadeus akaruka. "Unamwekea mama hiyo maneno? Mimi nimesomea hii kitu. Kitambaa haiwezi kuharibu mashine."

Bathsheba aliweka sindano chini. Akaja polepole, akapitisha kiganja chake ndani ya nguo, akakiacha humo kidogo.

"Nyasae! Mungu wangu!" akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Thadeus, yule fundi wa mjini hakukuuliza kama mnaifunika?"

Thadeus akaitazama CD.

"Aliuliza."

"Akasema nini?"

"Alisema... tusifunike." Akaigeuza CD mkononi. "Sasa mama, ningekuambia aje? Ungesikia vibaya."

Mokeira alikaa sakafuni. Mume wake alijua tangu jana, na alikuwa radhi kuifuta miaka yake mitatu kuliko kumwambia mamake sentensi moja.

"Mimi nimekaa jikoni miaka arobaini," Bathsheba akasema. "Kitu ikichemka, unafunua. Hiyo haitaki cheti." Akafungua vifungo, kimoja, viwili, vitatu, vinne, akaivua nguo. "Mokeira, mwanangu, kaa kwa kiti. Fanya kazi yako. Thadeus atapika."

Dakika ya sita ilipita, na ya sitini. Saa kumi na dakika arobaini tasnifu ikaenda, kurasa zote mia mbili na sita, na jua lilikuwa bado juu, Sabato haijaingia. Jikoni mtaalamu alikuwa akiunguza ugali.

Bathsheba alisimama katikati ya sebule na nguo yake mkononi, akitafuta pa kuipeleka. Akaenda ukutani, akakivisha kile cheti cha fremu ya dhahabu. Kiliingia chote, hakikubaki hata pembe.

"Hii hata nikiifunika miaka kumi," akasema, akifunga kifungo cha nne, "haiwezi kushika moto."