Kimono cha Shujaa wa Karatasi

Maoni ya wachambuzi kuhusu gemu lao jipya yalikuwa kumi na saba, na Mizuho Kurata alishayasoma yote kabla chai yake haijapoa. Kumi na saba, utadhani wamenakiliana darasani: rangi zinapendeza, karatasi imekunjwa kwa ufundi, vichekesho vinachekesha, ila mapigano yanachosha. Na mapigano ndiyo kazi yake. Miaka mitatu amekaa kwenye ofisi ya watengeneza gemu huko Kyoto akipanga jinsi shujaa wa karatasi atakavyopigana, halafu mtu aliyecheza gemu kwa saa mbili anakuja kumwambia yanachosha. Watu wengine hawana haya hata kidogo.

"Usiyaweke moyoni," Bwana Onodera, mkurugenzi wao, alimwambia kwa ule upole wake wa kuudhi. "Ila kwenye gemu lijalo nafikiria kumpa mtu mwingine mapigano. Kama una la kunibadilisha mawazo, njoo nalo Jumatatu."

Jumamosi asubuhi Mizuho akaibeba mashine ya gemu mpaka mtaa wa Nishijin, kwa shangazi yake Fusae, mshona kimono. Alimtaka mtu mmoja tu asiye mchambuzi, acheze bila papara, ayafurahie mapigano, naye apate la kumwambia mkurugenzi. Akamwonyesha vibonye, akakaa pembeni.

Shangazi alicheka kwelikweli alipokutana na kobe wa karatasi anayeogopa mvua. Pigano la kwanza lilipoanza, akaweka kidude cha kuchezea chini.

"Huyu mbona mmemvisha kama maiti?"

"Maiti gani tena, shangazi?"

"Wewe umelelewa wapi? Mtazame kifuani. Pindo la kulia liko juu ya la kushoto. Hivyo tunamvisha mtu siku ya mazishi yake; aliye hai, la kushoto ndilo huwa juu."

Mizuho akatazama, akaona. Shujaa wao ni kipande bapa cha karatasi. Akielekea kulia amevaa sawasawa. Akigeuka kushoto, kompyuta inampindua kama kwenye kioo, na kimono nacho kinapinduka. Na kwenye mapigano yote anaelekea kushoto, kwa sababu yeye Mizuho ndiye aliyetaka iwe hivyo.

"Labda hakuna aliyeona," alisema.

"Mimi nimeona, na miwani sina."

Angeweza kunyamaza. Kulisema hilo ni kujichimbia kaburi mwenyewe, na bado alikuwa na hasira na wale wachambuzi kumi na saba. Lakini kosa lilikuwa lake, kwa hiyo akampigia mkurugenzi, akamweleza lote.

"Aa, hilo," alisema Onodera. "Tuliliona tangu baridi ya mwaka juzi."

"Mliliona nyinyi nani?"

"Sisi sote. Mwanzoni tulidhani una maana yako. Halafu siku zikapita, ikawa vigumu kukwambia. Ungeaibika bure."

Mizuho akampa shangazi mgongo.

"Na mapigano yenyewe," aliuliza, "mlikuwa mnayaonaje?"

Mkurugenzi akashusha sauti.

"Yanachosha kidogo," alisema. "Samahani sana."

Kila Ijumaa kwa miaka mitatu alikuwa akiwaonyesha pigano jipya. Kila Ijumaa wenzake wote tisa wa ofisini waliinamisha vichwa, wakamwambia kazi nzuri.